Kimeng'enya tulichokipoteza

Kuna stori ya sayansi imenikaa kichwani wiki nzima, nikaona niwamegee. Mwaka 1984 huko Marekani, daktari Ajit Varki alimpa seramu ya farasi mgonjwa ambaye uboho wake uligoma kutengeneza damu. Mwili ukaikataa seramu, ukazuka ugonjwa mwingine. Varki akataka kujua mwili uliona kitu gani kigeni mle.

Sehemu ya jibu ni sukari. Seli zimevikwa sukari, na kwenye ncha zake hukaa asidi ya siali. Wanyama wengi, sokwe akiwemo, wana kimeng'enya kinachoitwa CMAH, ambacho huipachika asidi hiyo atomu moja ya oksijeni. Moja tu, jamani! Sisi hatuna. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani na Japani walionyesha kwamba jeni yetu ya CMAH imekatika: herufi 92 hazipo.

Sisi tuliokua na mbu tusikie hili. Mwaka 2005 Varki na wenzake walionyesha kwamba kimelea cha malaria ya sokwe hupendelea asidi yenye ile oksijeni ya ziada. Falsiparamu, muuaji wetu, hupendelea isiyo nayo. Kwa hiyo huenda kukatika kwa jeni kuliwakinga mababu zetu kwa muda, mpaka kikaja kimelea kilichoizoea sukari yetu.

Halafu mwaka 2010, kinyesi cha nyani wakubwa kilichookotwa msituni kikaonyesha kwamba falsiparamu ametoka kwa gorila. Na gorila kimeng'enya anacho! Sasa alivukaje?