Neno la Wiki: Huntha

Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu. Neno lina asili ya Kiarabu. Mafakihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, walilihitaji katika kugawa mirathi. Magazeti ya Nairobi hupenda "mwenye jinsia mbili", ingawa si kila huntha ana viungo vya pande zote. Sensa ya 2019 ilihesabu huntha 1,524 nchini Kenya.

Jijini Nairobi, kuanzia Moi Avenue hadi Kangemi, wapo wanaomwita huntha shoga. Wanakosea. Neno huntha hutaja mwili. Ampendaye ni suala la pili, anavyojitambua ni la tatu. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba "jinsia" katika Kifungu cha 27 cha Katiba, kinachokataza ubaguzi, inajumuisha mwelekeo wa kimapenzi. Hata hivyo, hayo yanabaki mambo matatu tofauti.