Kasongo: Mji wa Pwani Ulio Mbali na Bahari

Kutoka Kasongo, mji wetu wa Maniema nchini Kongo, hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1,300, lakini mgeni wa Bagamoyo au Unguja akifika kwetu hahitaji mkalimani. Atakaribishwa kwa Kiswahili, atatengewa wali na sombe, yaani kisamvu, na alfajiri ataamshwa na adhana. Vijana wetu yawapasa kujua asili ya mambo haya.

Kabambare ndiyo iliyokuwa mlango wa mambo hayo kutoka pwani. Misafara ya Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ndipo ikateremkia Nyangwe na Kasongo. Mmisionari Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, akakaa miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu.

Aliyeukuza mji wetu ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mzaliwa wa Unguja. Jina lake la Tippu Tip, alisema mwenyewe, lilitokana na mlio wa bunduki zake. Lakini nchi ya Utetera aliipata kwa ulimi: alimwambia mtemi mzee, Kasongo Rushie, kwamba wao ni damu moja kwa upande wa bibi yake aliyetekwa zamani. Mzee akasadiki, akamwachia nchi. Kisa hiki amekisimulia katika kitabu chake cha Kiswahili.

Mwaka 1875 akaweka makao Kasongo. Mpunga ukastawi, na michungwa, mipera na mikomamanga ikazaa. Majeshi ya Wabelgiji chini ya Dhanis yalipouteka mji kwa Sefu, mwana wa Tippu Tip, tarehe 22 Aprili 1893, daktari wao Hinde alistaajabia vitanda vya nakshi, magodoro ya hariri na bilauri za kioo. Mali hiyo ilitokana na pembe za ndovu, na pia na machozi ya watumwa. Tunawakumbuka kwa heshima, maana mpunga ule waliulima wao.

Kabambare ilitekwa Januari 1894. Baadaye mji wetu ulihamishwa. Mahali pa zamani ndipo Tongoni, yaani mahameni.

Hatua zilizofuata ni hizi:
1952: Vikarieti ya Kikatoliki ya Kasongo yaanzishwa; 1959 yawa Dayosisi.
Miaka ya 1970: Mradi wa afya wa Kasongo, uliosaidiwa na wataalamu wa Antwerp, wasifika duniani.
1988: Maniema yawa mkoa.
1996–2003: Miaka ya vita na majaribu. Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha.

Tippu Tip aliondoka mwaka 1890, akafia Unguja mwaka 1905. Walioukalia mji ni waliolima na waliobebeshwa mizigo. Wao ndio waliowaimbia watoto wao kwa Kiswahili, kikawa chetu. Kwao tunasema: ahsanteni, wazee wetu.