Kisiwa cha Nzilo kilichokuwa kilima

Siku za mapumziko, jamaa za Kolwezi hubeba chakula chao mpaka ziwa Nzilo, wakapatana bei na mvuvi, wakavuka kwa mtumbwi hadi kwenye kisiwa kidogo kisichokaliwa na mtu. Watoto huogelea, wakubwa huchoma samaki, na watu hurudi kabla upepo wa alasiri haujainua mawimbi. Wengi hudhani kisiwa kama hicho kipo tangu enzi za mababu. Sivyo. Mzee aliyezaliwa Kolwezi kabla ya mwaka 1950 amekizidi umri.

Zamani Lualaba ilipita chini kabisa, ikielekea magenge ya Nzilo, ambako mto hushuka mamia ya mita kati ya kuta za mawe. Kampuni ya Union Minière ilitaka umeme wa kuchakata shaba, ikajenga ukuta hapo. Mwaka 1952 mitambo ikaanza kazi, yenye uwezo wa megawati 108. Maji yakarudi nyuma, yakajaza bonde. Vilima vifupi vikazama, virefu vikabakiza vichwa. Ndivyo visiwa vyenyewe.

Ziwa likaitwa Delcommune, na hapo pana kichekesho. Alexandre Delcommune, Mbelgiji, alifika Bunkeya Oktoba 1891 kumtaka Msiri akubali utawala wa Leopold II. Msiri akakataa. Delcommune akaenda Lualaba, watu wake wakachonga mitumbwi ili wateremke na mto. Magenge ya Nzilo yakawazuia, mitumbwi ikaachwa, na njaa ikaua wengi katika msafara. Mto ulimshinda palepale. Miaka 60 baadaye maji yake yakapewa jina lake. Wapagazi waliokufa hawakupewa hata kijito.

Wala hakuwa peke yake. Bwawa la Mwadingusha liliitwa Francqui, la Koni likaitwa Bia, la Nseke likaitwa Le Marinel. Wote ni wazungu walioingia Katanga mwaka 1891 na 1892, wakati Msiri anaelekea kuuawa na baada ya kuuawa kwake Desemba 20, 1891. Majina ya wenyeji yalirudi wakati wa Mobutu.

Kolwezi, ambako nyumba zimebomolewa ili migodi ipanuke, jambo la jina si dogo. Familia iliyohamishwa huendelea kutaja mtaa ambao mtoto wao hawezi tena kuonyeshwa. Nzilo ina nafuu kidogo: jina limerudi, ingawa bonde halikurudi.

Anayevuka mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, na azunguke kisiwa kwa miguu. Ukingoni ardhi tupu huonekana, na mteremko wa kilima unaendelea kushuka chini ya maji, kuelekea kule mto ulikopita.