Mvua Haimsubiri Mwalimu

Mwalimu wa kilimo akiaga shule mwezi wa kwanza aende kusomea uzamili kwa miaka miwili, akirudi hatakuta mahindi yakimngoja. Kidato cha tatu aliowaacha watakuwa wamemaliza shule. Shamba la shule litakuwa magugu matupu. Ndiyo maana suala la mwalimu huyu kusomea wapi si dogo.

Somo lenyewe halina umri mkubwa katika shule zetu za upili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, shule ya Chavakali kule Vihiga ilikuwa miongoni mwa za kwanza kulifundisha kilimo darasani na shambani, kwa usaidizi wa Wamarekani. Walimu wakatakiwa. Egerton, pale Njoro, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1939 kuwafundisha ukulima vijana wa Kizungu. Baada ya uhuru ikawa tegemeo la kuwafunza Wakenya, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu. Lakini aliyetaka shahada ya juu alilazimika kuhamia chuoni, au apande ndege. Mwenye watoto wadogo na ng'ombe wa kukamua angeenda vipi?

Wengine walikuwa wamelijibu swali hilo zamani. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasani kwake. Mwaka 1892, huko Pennsylvania, chuo cha jimbo kikaanza kuwatumia wakulima masomo kwa posta. Halafu mwaka 1988, Wye College, chuo cha kilimo kule Kent, Uingereza, kikafungua masomo ya uzamili ya masafa. Vitabu vilifungwa kwenye bahasha vikamfuata afisa wa kilimo kazini kwake, awe Afrika au Asia, na mtihani akaufanyia nchini mwake.

Cha kushangaza ni kilichofuata. Wye ilimezwa na Imperial College mwaka 2000, na mwaka 2009 milango yake ikafungwa. Masomo yale ya masafa yalikuwa tayari yamehamia SOAS, London, nayo yakaendelea. Chuo chenye mashamba kilikufa, bahasha zikaishi!

Kuna wanaobeza: eti kilimo kitasomwaje kwa simu? Hoja hiyo ina uzito kwa anayejifunza kupasua ng'ombe. Ila mwanafunzi wa uzamili katika elimu ya kilimo anasomea jinsi watu wanavyojifunza: mitaala, ugani, takwimu, utafiti. Maabara yake ni darasa lake na wakulima wa jirani. Akitaka kujua kwa nini wazazi hawapandi kwa wakati kile watoto wao walichofundishwa shuleni, jibu haliko maktabani. Liko ng'ambo ya ua, na ukimhamisha mwalimu unamtenga nalo.

Hata hivyo, ukweli usemwe. Aliyesafiri zamani kwa likizo ya masomo alipewa muda. Anayesoma kwa masafa hapewi kitu. "Si uko tu hapa?" anaulizwa, na vipindi vyake havipunguzwi hata kimoja. Mchana anafundisha, jioni anakamua, usiku watoto wakishalala anafungua simu, ananunua bando kwa pesa yake na kuandika tasnifu mpaka macho yanauma. Msimamizi akijibu barua pepe baada ya wiki tatu, yeye ndiye anayesemwa kuwa amechelewa.

Elimu ya masafa iliondoa safari. Kazi ilibaki palepale, na mzigo ambao zamani mwajiri aliubeba kwa likizo sasa umetua kwenye usingizi wa mwalimu. Tukitaka walimu wa kilimo wenye shahada za juu na mashamba ya shule yasiyo na magugu, tuwape angalau saa chache za mchana. Mbegu nzuri ukiipanda bila kuipa nafasi, itaota, ndiyo, lakini usitarajie gunia.