Carola (manowari)

SMS Carola ilikuwa manowari ya Kijerumani ya mvuke na tanga, iliyomalizia utumishi wake ikiwa meli ya kufundishia upigaji mizinga. Iliundwa Stettin (leo Szczecin, Poland), ikashushwa majini Novemba 1880 na kupewa jina la malkia wa Saxony. Silaha zake kuu zilikuwa mizinga 10 ya sentimita 15.

Baada ya safari za Pasifiki ilipelekwa Afrika Mashariki, na hapo ndipo inapoingia katika historia ya Waswahili. Wakati wa vita vya Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, ilikuwa miongoni mwa manowari zilizoufunga mwambao kuanzia Desemba 1888. Vizuizi hivyo vilitangazwa kuwa vya kukomesha biashara ya watumwa, lakini viliwabana pia wapiganaji wa pwani wasipate baruti na bunduki. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Carola ilirudi Ujerumani 1891, ikageuzwa meli ya mafunzo. Kwa zaidi ya miaka kumi mabaharia walijifunza humo kulenga shabaha na kuhudumia mizinga. Iliondolewa jeshini 1905, ikavunjwa mwaka uliofuata.