Bangi ya wapagazi, upupu wa vichakani na ugonjwa wa kutetemeka

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa treni ya reli ya kati hupita Goweko na Igalula kabla ya kuingia Tabora. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, lakini ardhi hii ya Uyui ilikuwa imekanyagwa na maelfu ya miguu muda mrefu kabla ya hapo. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikishavuka nyika kame ya Mgunda Mkali, ilipumua Tura, ikapita Rubuga na Kigwa, kisha ikaingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo. Wapagazi walibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba kuelekea bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Wengi walibeba pia tumbaku, na baadhi yao bangi. Ndiyo maana kila mjadala wa kuruhusu bangi kwa tiba unapozuka nchini, hakosekani mtu wa kutukumbusha kwamba babu zetu waliivuta njia nzima bila kudhurika, na kwamba huko Ulaya na Marekani imekwisha kuthibitika kuwa inatuliza mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson. Hoja hizo mbili hufungwa pamoja kana kwamba moja inaishuhudia nyingine. Ninachodai hapa ni kwamba historia ya njia ya misafara imeitwa kutoa ushahidi wa jambo ambalo haikuliona, na kwamba katika kuitazama bangi tumeupita mmea mwingine wenye madai mazito zaidi juu ya ugonjwa huu.

Kwanza tuisikilize historia yenyewe. Bangi ni mgeni wa siku nyingi Afrika Mashariki. Ilivuka bahari kutoka Bara Hindi, na viko vya karne ya 14 vilivyofukuliwa Ethiopia vilikutwa na mabaki yake. Richard Burton, aliyeingia Kaze Novemba 1857 pamoja na John Speke, aliitaja mara kadhaa katika kitabu chake cha 1860. Henry Morton Stanley, aliyefika Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliilalamikia waziwazi katika kitabu cha safari yake iliyofuata, akidai kwamba kuivuta kwa nguvu kumeharibu mapafu ya watu wake hata wakakosa stamina juani. Hermann von Wissmann, kabla hajawa gavana wa Wajerumani, alivuka bara zima kutoka Luanda, akakutana na mtemi Mirambo wa Wanyamwezi mwaka 1882, kisha akatokea pwani ya Saadani. Huko Kasai, upande wa Kongo, yeye na mwenzake Paul Pogge walikuta jamii iliyojiita Bena Riamba, wana wa bangi, chini ya mtawala Kalamba Mukenge. Hapo bangi ilikuwa kifungo cha undugu. Watu waliivuta pamoja kufanya amani, na aliyekosa aliweza kuadhibiwa kwa kulazimishwa kuivuta mpaka azimie. Mwanajiografia Chris Duvall, katika kitabu chake cha 2019 juu ya mizizi ya bangi barani Afrika, ameonyesha jinsi kiko cha maji, ambacho huku mara nyingi hutengenezwa kwa kibuyu, kilivyokuwa chombo cha Waafrika wenyewe, na jinsi mmea huu ulivyoandamana na watu wa kazi ngumu: watumwa, wapagazi, mabaharia, wachimba migodi.

Ukiyaweka maandishi hayo pamoja unapata picha iliyo wazi ya bangi ya uchovu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama kilo 30 kwa miezi, akila kidogo na kulala chini. Kilichomsaidia kuisahau njaa na maumivu ya mabega kilikuwa na thamani yake, na hakuna sababu ya kumcheka. Hata hivyo Burton na Stanley walikuwa waajiri wa wapagazi, na mwajiri aliyechelewa safari hutafuta wa kumlaumu. Maneno yao juu ya uvivu na mapafu yasisomwe kama ripoti ya daktari. Lakini kasoro hiyo inakata pande zote mbili. Kama hatuwezi kumwamini Stanley anaposema bangi iliwaangamiza, hatuwezi pia kumgeuza shahidi wa kwamba haikuwadhuru. Zaidi ya hayo, Parkinson ni ugonjwa ambao kwa kawaida huanza mtu akiwa na miaka 60 hivi au zaidi, na wapagazi walikuwa vijana. Mzee aliyetetemeka mikono na kuburuta miguu hakuandikishwa katika msafara. Katika masimulizi haya hakuna mahali bangi inapotolewa kama dawa ya mtetemeko, kwa sababu rahisi kwamba waliotetemeka walibaki nyumbani, na waliobaki nyumbani hawakuandikwa.

Aliyeandika juu ya tiba hiyo alikuwa London. James Parkinson aliueleza ugonjwa mwaka 1817 katika kijitabu chake, na William O'Shaughnessy, akiwa Calcutta, aliitambulisha bangi ya India kwa madaktari wa Uingereza kuanzia mwaka 1839. Mwaka 1888 William Gowers, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, aliandika kwamba amewaona wagonjwa kadhaa wakipata nafuu kwa muda kwa bangi, wakati mwingine ikichanganywa na afyuni. Kwa hiyo wanaosema kwamba bangi kwa Parkinson ni uzushi wa juzi wamekosea. Ilikuwamo katika vitabu vya tiba zaidi ya karne moja iliyopita. Ilitolewa baadaye, na namna ilivyotolewa haikuwa ya heshima. Katika mkutano wa Geneva ulioishia na mkataba wa 1925, mjumbe wa Misri Mohamed El Guindy ndiye aliyesukuma bangi iingizwe pamoja na afyuni na kokeini, baada ya Afrika Kusini kuwa imekwisha kuilalamikia kwa Shirikisho la Mataifa mwaka 1923. Hakuna aliyeuliza Tabora wala Kasai. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ukaiweka katika kundi la vitu hatari visivyo na manufaa makubwa ya kitabibu, na hapo ikakaa mpaka Desemba 2, 2020, tume ya Umoja wa Mataifa ilipoitoa katika kundi hilo kwa kura 27 dhidi ya 25, huku ikiendelea kuwa chini ya udhibiti.

Hapa ndipo watetezi wa bangi wana hoja yao bora kuliko zote: ushahidi ni haba kwa kuwa utafiti ulizuiwa. Ni kweli, lakini kwa sehemu tu, maana utafiti haukusimama kabisa, na uliofanyika una jambo la kusema. Mwaka 2004 watafiti wa Prague waliwauliza wagonjwa wa Parkinson, 339 wakajibu. Robo yao walikuwa wamewahi kutumia bangi, na karibu nusu ya hao wakasema imewafaa kidogo au zaidi. Mwaka 2014 madaktari wa Israel waliwapima wagonjwa 22 kabla ya kuvuta na nusu saa baadaye, na mtetemeko, ukakamavu na uzito wa miondoko vilipungua. Habari hizo husambaa upesi. Zisizosambaa ni zile za majaribio ambayo mgonjwa na mpimaji hawajui nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu. Jaribio la Uingereza la mwaka 2004, lenye wagonjwa 19, halikuona nafuu katika miondoko isiyozuilika inayoletwa na dawa za Parkinson. Jaribio la Brazil la 2014, lenye wagonjwa 21, liliona waliotumia kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolewesha, wakijisikia na kuishi vizuri zaidi, lakini mwendo wa mwili haukubadilika. Na mwaka 2024 jimboni Colorado, mahali ambapo bangi ni halali hata ya starehe na kisingizio cha sheria kimepungua, jaribio la wagonjwa 61 lilionyesha waliopewa dawa wakipata nafuu sawa na ya waliopewa dawa bandia.

Msomaji atauliza: je, wale wa Prague na wa Israel wanadanganya? Hapana. Parkinson ina tabia ya pekee inayofanya swali hili kuwa gumu kuliko katika malaria au kifua kikuu. Ugonjwa unatokana na kufa kwa chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, na dopamini hiyo hiyo ndiyo inayomwagika ubongoni mtu anapotarajia jambo jema. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver waliwapiga wagonjwa picha za ubongo, wakaona kwamba waliochomwa sindano isiyo na dawa, wakiamini huenda ni dawa, walitoa dopamini yao wenyewe kwa wingi. Matumaini yao yalifanya kazi ya kweli mwilini, kwa muda mfupi. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, hata uwe wa kweli namna gani na hata ungekuwa na video, haumalizi ubishi. Tabora, mkoa wa tumbaku, una mfano mwingine karibu: kwa miongo mingi imejulikana kwamba wavutaji sigara hupata Parkinson kwa uchache kuliko wasiovuta, lakini nikotini ilipojaribiwa kama dawa kwa plasta za kubandika ngozini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa haikuupunguza kasi ugonjwa. Inawezekana bangi ikasaidia usingizi, maumivu au wasiwasi, na hayo yanamtesa mgonjwa sana. Nisingemnyima mtu nafuu hiyo kama daktari ameipima. Lakini kuna upande wa pili: inashusha shinikizo la damu mtu anaposimama, inaleta kizunguzungu, inavuruga akili ya mzee ambaye ugonjwa tayari unamletea njozi. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga kijijini, huenda asisimame tena.

Sasa turudi vichakani. Upupu huota Tanzania, na kila mtoto wa kijijini anaujua kwa vinyweleo vya ganda lake vinavyowasha. Mwaka 1937 wanakemia wa India walitoa katika mbegu zake levodopa, kemikali ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Miaka 30 baadaye, mwaka 1967, daktari George Cotzias wa New York alionyesha kwamba levodopa ya kiwandani ikitolewa kwa kiwango kikubwa inamwinua mgonjwa wa Parkinson, na mpaka leo hakuna dawa iliyoishinda. Tiba ya jadi ya India ilikuwa ikitumia mbegu hizo kwa mtetemeko zamani sana. Jaribio la London la 2004 liliwapa wagonjwa wanane gramu 30 za unga wa upupu, ukaanza kufanya kazi baada ya dakika kama 35, huku vidonge vya kawaida vikichukua zaidi ya saa moja. Nchini Bolivia, ambako wengi hawawezi kununua vidonge, dozi moja ya unga wa mbegu zilizookwa ilijaribiwa kwa wagonjwa 18 na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Ilifanya kazi sawasawa na vidonge.

Atakayesema kwamba hapa nami nauza mti wa porini kama wale wa bangi anastahili jibu. Tofauti ni kwamba sababu ya upupu kufanya kazi inajulikana na inapimika. Na majaribio yake hayakuficha mabaya. Wagonjwa 14 walipotumia unga huo kwa majuma 16, nusu waliacha, wengine kwa tumbo kuvurugika na wengine kwa miondoko kuwa mizito zaidi. Vidonge vya levodopa huchanganywa na kabidopa inayozuia dawa isiishie njiani kabla ya kufika ubongoni, na mbegu hazina mchanganyiko huo. Kiasi cha levodopa pia hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Kwa hiyo si jambo la mtu kwenda kuchuma na kusaga kwake. Vidonge vinavyopatikana ndivyo vya kutumia.

Tatizo ni kuvipata, na kabla ya hapo kujulikana kwamba mtu anavihitaji. Utafiti pekee mkubwa wa nyumba kwa nyumba juu ya Parkinson ambao Tanzania inaweza kujivunia ulifanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008. Katika watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wameambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Wengi waliuona kuwa uzee tu. Mahojiano yaliyofuata huko yalikuta pia fikra za kurogwa, na safari za kwa waganga na kwa waombaji. Katika kanda ya magharibi, ambako vikongwe wamewahi kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, uso usiocheka na mikono inayotetemeka ni hatari kwa mwenyewe kwa namna ambayo bangi haiwezi kuitibu.

Bungeni Dodoma zimewahi kusikika sauti za kutaka bangi ya dawa ilimwe kwa ajili ya kuuzwa nje, miongoni mwake ya Jumanne Kishimba alipokuwa mbunge wa Kahama Mjini, na mifano ya Lesotho na Rwanda hutajwa. Hiyo ni hoja ya biashara, ijadiliwe kwa hesabu zake na kwa sheria ya 2015 inayoikataza. Isivalishwe shati la mgonjwa. Upupu hauhitaji kura ya Umoja wa Mataifa wala marekebisho ya sheria. Kupima mbegu za miombo ya Uyui zina levodopa kiasi gani, na kama zile za aina isiyowasha inayopandwa kurutubisha mashamba zinatofautiana nazo, ni kazi inayoweza kuanzia kwenye Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, kwa magunia machache yaliyosafirishwa kwa treni kutoka Igalula.