Kurekebisha Wimbi au Kulibebesha?

Mkazi wa Olasiti aliyefungulia Radio Tanzania Dar es Salaam katika miaka ya 1970 alipokea wimbi lililobebeshwa sauti kwa vali. Tukikiita kitendo hicho “kurekebisha wimbi”, twadhania lilikuwa na kosa. Historia yaonyesha vingine. Sauti ikiingizwa kwenye gridi ya vali, nguvu yake ndogo yatosha, ila ufanisi wa mtambo hupungua. Katika miaka ya 1910 Raymond Heising, mhandisi wa Marekani, aliipitisha kwenye anodi. Hapo, ili wimbi lijae sauti kikamilifu, wati 1,000 za umeme wa anodi zadai wati 500 za sauti. Huo ni mzigo hasa! Mwalimu akisema “kubebesha”, mwanafunzi ataelewa mara moja kwa nini mtambo ulihitaji vali kubwa za sauti.